Tonton Aliyevaa Kidole Changu

Watu wananiambia maji ya vuguvugu yenye chumvi hayana harufu. Ni maji tu, wanasema. Mimi nawajibu wangojee mpaka mguu wenye kucha mbaya uingie ndani yake. Hapo harufu inaamka: kitu kama chuma kilicholala muda mrefu kwenye udongo, kama ngozi ya kiatu iliyolowa mvua, na nyuma yake, kwa mbali, utamu. Huo utamu ndio unaonishtua.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu ya wanawake. Nina kiti cha plastiki, besini mbili, taulo nyeupe ninazochemsha mwenyewe, na ndoto ya saluni yenye kiti kinachozunguka na mlango wa kioo unaotazama ziwa. Kwa sasa mlango wangu unatazama ukuta wa jirani, hapa mtaani kwetu Cimpunda, na ninacheka siku nzima vilevile, maana mwanamke akishavua viatu anasema yote. Juzi aliingia mama mmoja na binti yake wa shule ya msingi. Mtoto alikataa kuvua soksi. Mama yake akaivuta, mguu ukazama majini, na harufu ikaamka. Kidole gumba kilikuwa kimevimba upande mmoja, chekundu, kinang'aa kama kimepakwa mafuta.

"Kiko napiga?" nilimuuliza, hata sijamgusa bado.

Mtoto alinitazama kama mtu aliyechunguliwa dirishani. "Ndjo, yaya," akasema polepole, akiniita dada. "Kiko napiga. Sana sana kama mvua inanyesha."

Nikakaa chini. Kidole changu mwenyewe, cha mguu wa kulia, kilipiga mara moja ndani ya sandali. Au nilidhani tu.

Wenzangu mliopanda hii milima mkiwa na sare ya bluu na nyeupe, mnajua kiatu cha shule ni kitu gani. Mtoto bila viatu vyeusi alikuwa mtoto wa kusimama pembeni. Vyangu aliniletea tonton Mugisho, ndugu mdogo wa mama. Alikuwa akiishi kwetu, analala kwenye kochi la sebuleni, miguu yake imetokeza nje ya blanketi kwa sababu alikuwa mrefu kuliko kochi. Alikuwa na namna yake ya kugonga mlango: mara mbili haraka, kimya kidogo, halafu mara moja. Tuk-tuk. Tuk. Mama alikuwa akimfungulia huku akimtukana kwa kucheka, "Weye na ngoma yako! Utavunja mulango ya batu!" Papa alikuwa Luberizi kwenye mashamba ya mpunga, tulikuwa tunamwona baada ya mavuno tu, kwa hiyo mwanaume wa nyumba alikuwa tonton.

Asubuhi aliyoondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Mwenga, alipiga magoti mbele yangu akanivisha viatu mwenyewe. Alibonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, kutafuta kidole changu kilipoishia.

"Iko nafasi mingi," alisema. "Sikia, Nsimire. Siku hivi viatu vitakukaza, ujue nilisha fika. Niko ku mulango."

"Ya kweli, tonton?"

"Ya kweli. Vikikukaza tu, sikiliza mulango."

Alikuwa anataka kusema kwamba hatakawia. Leo naelewa. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto akiambiwa kitu na mtu anayempenda anakishika jinsi kilivyo, hakigeuzi.

Hakukuwa na barua wala simu. Walikuja wanaume wawili wenye bottes, buti ndefu za mpira, zenye udongo mwekundu ambao si udongo wa kwetu. Walikaa kwenye ncha ya kochi kama watu wanaoogopa kulichafua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba.

"Maman, mulima ilifunga," mmoja wao alisema. "Mugisho alibakia ndani."

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Mulimuona mwili?"

"Hapana, maman. Hakuna namna ya kufika kule."

"Basi sitaweka matanga."

"Maman…"

"Nimesema. Mpaka nione mwili."

Hilo lilikuwa neno lake, na alilishika. Majirani walikuja wakasimama mlangoni, mikono ndani ya vitenge, hawajui waingie au warudi. Huwezi kumpa pole mtu aliyekataa kufiwa. Huwezi pia kumuuliza habari za tonton kama kawaida. Wakawa wanasalimia na kupita. Kochi likabaki tupu, blanketi limekunjwa juu yake, na hakuna aliyethubutu kulikalia. Ukiingia sebuleni jioni, ukungu wa ziwa ukiwa umepanda mpaka madirishani, lile blanketi lilionekana limevimba kidogo katikati. Nilikuwa napita mbio bila kulitazama.

Lakini mimi sikuwa na huzuni, mniamini. Nilikuwa nimesikia vizuri: alibakia ndani. Hawakusema amekufa. Mtu aliyebaki ndani ya nyumba yuko ndani ya nyumba. Mtu aliyebaki ndani ya mlima yuko ndani ya mlima. Na milima yote, kutoka Mwenga mpaka hapa kwetu, imeshikana, nimeiona kwa macho, mmoja unaanza pale mwingine unapoishia. Nyumba yetu ilikuwa juu ya mlima. Tonton alikuwa mchimbaji. Hesabu yangu ilikuwa rahisi sana.

Mvua kubwa zilipoanza, nikamsikia.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya sebule, sikio chini, wakati wa adhuhuri. Juu, mvua ilikuwa inapiga mabati. Lakini chini kabisa, chini ya saruji, kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya polepole, kama mtu anayesukuma udongo kwa mikono, anapumzika, anasukuma tena.

"Uko nafanya nini pale chini?" mama aliuliza.

"Niko nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Kuko mutu anachimba."

Nilingojea anicheke. Hakucheka. Aliweka chini ungo wa sambaza alizokuwa akizichambua, wale samaki wadogo aliokuwa akiuza kwenye soko la Kadutu, akapiga magoti karibu nami, akageuza uso, akaweka sikio lake kwenye sakafu. Tulitazamana hivyo, nyuso zetu zimelala, pua karibu na pua. Macho yake yalikuwa wazi sana. Alikaa pale muda mrefu kuliko mimi.

"Ni maji," alisema mwishoni. "Maji inapita chini ya nyumba."

Akainuka, akajipangusa magoti. Lakini baada ya hapo, mara nyingine nilikuwa narudi kutoka shule, nasukuma mlango, na namkuta amepiga magoti peke yake sebuleni, sikio chini, ungo wa sambaza kando yake. Akiniona anachukua kitambaa haraka na kujifanya anapangusa.

Kisha viatu vikaanza kunikaza.

Kwanza ilikuwa kidogo tu, kama mkono unaokushika ili usikimbie. Nilifurahi mno. Njia yote ya shule niliteremka nikiwa natabasamu, vidole vimejikunja ndani, na nilipofika nyumbani nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza. Hakuna kitu. Kesho yake tena. Hakuna. Mama aliona nachechemea, akanivua soksi, akakuta kucha ya kidole gumba imekula nyama pembeni. Akaita Mama Cito, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mkubwa na maoni juu ya kila kitu.

"Aaa, hii ni ya kuchimbua tu," Mama Cito alisema. "Leta wembe. Unachimba pembeni, ndani kabisa, unatoa mizizi yake."

"Itamuuma."

"Itamuuma mara moja. Weye shika muguu, mimi nachimba. Nsimire, imba kitu."

Niliimba. Mama Cito alichimba. Alikata pembe ya kucha kwa mviringo, akaingia chini kadiri wembe ulivyofika, akapaka dawa ya meno juu, akasifu kazi yake. Kwa muda mfupi nilipata nafuu. Halafu nyama ikavimba, ikapanda, ikafunika ile sehemu aliyokata, na kucha ikaendelea kukua chini yake mahali ambapo hakuna mtu anaweza kuiona. Nilikitazama kile kidole na nikakumbuka maneno ya wale wanaume wa bottes. Mlima ulifunga. Kitu kilibaki ndani.

Na hapo ndipo kilipoanza kupiga.

Nilikuwa nimelala, mguu juu ya mto. Tuk-tuk, kidole kilisema. Kikanyamaza. Tuk.

Nikainuka nikakaa. Nikaushika mguu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika redio. Tuk-tuk. Tuk. Nikaelewa kwa nini sikumsikia mlangoni. Hakupitia mlangoni. Alichimba mpaka chini ya sakafu yetu, na mimi nilikuwa nasimama juu yake miguu mitupu, akaingilia kidoleni.

Ilikuwa ni Kwaresima. Kanisani misalaba na sanamu zote zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya zambarau, na sisi watoto tulikuwa tunaziogopa, kwa sababu sanamu iliyofunikwa inaonekana kama inapumua. Papa katekista, aliyependa Kifaransa kuliko chai, alisimama mbele ya mojawapo akatufundisha. "Neno il s'est incarné," alisema, akiinua kidole. "Ni kusema nini, incarné? Alivaa mwili. Alikuwa haonekane, haguswe, akavaa mwili kama vile weye unavaa shati." Shuleni wakati uleule mwalimu alikuwa akitukaririsha watu wa nyumbani: le père, papa, la mère, maman, l'oncle, tonton. Nilikuwa nayabeba maneno haya mawili kichwani, kila moja mahali pake, siku mama aliponipeleka kituo cha afya.

Infirmière, muuguzi wa pale, alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa na kamba shingoni. Alivaa glavu, akanyanyua kidole changu kuelekea dirishani, na akasema maneno yaliyonisimamisha nywele.

"Aah. Bon. Hii ni ongle incarné."

Kwa Kifaransa kucha ni ongle, ongle incarné ni kucha iliyoingia nyamani, na tonton ni oncle. Kati ya hayo mawili kuna kasauti kadogo tu nyuma ya koo, na sikio langu lilikuwa halijafunzwa kukasikia. Mimi nilisikia oncle incarné. Tonton amevaa mwili.

Labda alifafanua baada ya hapo. Najua alifafanua, maana mama alirudi nyumbani akiyajua yote: kwamba kucha inakatwa kwa kunyooka, sawasawa kama ncha ya jembe, pembe zake zinaachwa, kwamba pembeni hapachimbwi, si kwa wembe si kwa pini, kwamba mguu uoshwe kwenye maji ya vuguvugu, ukaushwe vizuri, ubaki wazi, kwamba vile viatu nisivivae tena. Alimkaripia mama kidogo kwa ajili ya wembe wa Mama Cito. Akampa vidonge, na kakaratasi ka unga wa permanganate wa kutia kwenye maji. "Kama mwekundu inapanda ku muguu, ao mutoto anakuwa na joto," alisema, "musingojee hata kidogo. Mukuye mbio." Hayo yote nilielezwa baadaye. Wakati ule masikio yangu yalikuwa yamefungwa. Nilikuwa natazama tu uso wa mama, nikishangaa kwamba amesikia habari kubwa hivyo na hajaanguka chini. Mwili aliokuwa anaungojea ulikuwa umekuja, umekaa juu ya goti la infirmière.

Permanganate ikiingia majini inafungua nyuzi, kama moshi unaoshuka badala ya kupanda, na maji yote yanakuwa zambarau. Zambarau ileile ya kanisani. Nikaelewa: anafunikwa, mpaka Pasaka.

Kila alasiri mama alikuwa akiniweka uani na besini, anaingia jikoni. Mimi nilikuwa nainama juu ya maji.

"Tonton, uko nanisikia?"

Tuk-tuk. Tuk.

"Kule ndani iko giza?"

Tuk-tuk. Tuk.

"Uko nazungumuza na nani?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Na muguu, maman."

"Na inajibu?"

"Ndjo."

Alicheka. Lakini kijiko alichokuwa akisongea bugali kilisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Tatizo lilikuwa hili: dawa ilikuwa inafanya kazi. Siku zilivyopita kidole kilianza kupungua, na mapigo yakaanza kupungua nacho. Tuk-tuk ikawa ya mbali, kama mtu anayerudi nyuma kwenye shimo. Nilishikwa na hofu ambayo siwezi kuieleza hata sasa. Alikuwa amesema vikinikaza yuko mlangoni. Viatu vilikuwa chini ya kitanda, havikazi mtu. Kwa hiyo mama akiondoka kwenda sokoni na ungo wake, nilivitoa nikavivaa. Nilikaza kifungo mpaka tundu la mwisho. Maumivu yalikuwa yanapanda mpaka kwenye meno, na mimi nalia na kutabasamu, namwita. "Kuya, tonton. Kuya, ni karibu." Na alikuwa anakuja. Alikuwa anagonga mpaka paja lote linasikia.

Juma lile la mwisho kabla ya Pasaka mvua haikukata. Mama alirudi mapema kutoka sokoni, akanikuta nimelala sakafuni na viatu miguuni, meno yanagongana. Alivivua. Soksi ilikuwa imeshikamana na kidole. Alipoitoa aliona mstari mwekundu umetoka kwenye kidole, umepita juu ya mguu, unapanda.

Alinifunga mgongoni na kitenge kama mtoto mchanga, ingawa miguu yangu ilikuwa inamfika magotini, akatoka kwenye mvua. Mnaijua ile njia ya kuteremka wakati wa mvua: si njia tena, ni maji ya kahawia yenye mawe. Udongo ulikuwa unakatika pembeni vipande vipande na kuteleza bila sauti. Ukungu ulikuwa umekula nyumba za chini, tukawa tunateremka kuelekea mahali pasipokuwepo. Nikaanza kupiga mateke.

"Maman, usinipeleke! Banaenda kumukata!"

"Banaenda kukata nani?"

"Tonton!"

Mama akasimama. Maji yalikuwa yanapita juu ya miguu yake.

"Tonton nani?"

"Tonton Mugisho. Iko mu kidole. Infirmière alisema, oncle incarné. Alisha vaa mwili, maman. Si weye ulisema unangojea mwili?"

Nilikuwa mgongoni, sikuona uso wake. Nilisikia tu mgongo wake ukiwa mgumu, kama ubao. Kisha aliuliza, kwa sauti ndogo sana ambayo sijaisikia tena tangu siku ile:

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anagonga."

"Anagonga namna gani?"

Nilitoa mkono kwenye kitenge nikamgonga begani. Tuk-tuk. Tuk.

Alishika ukuta wa mtu. Tulibaki pale, mvua juu yetu, na mama hakwenda mbele wala nyuma. Leo najua alikuwa amesimama kati ya nini na nini. Wakati ule nilidhani anapumzika. Nilikuwa na joto kama jiwe la jikoni, na kila pigo la kidole lilikuwa linampiga mgongoni, na yeye alikuwa analihesabu pamoja nami, nina hakika.

Ndipo akasema, si kwangu, akielekeza uso chini kwenye udongo unaoteremka:

"Mugisho. Ndugu yangu. Uniachie mutoto."

Akatoka mbio.

Ya kituo cha afya nayakumbuka kwa vipande. Taa ya betri. Vyombo vinatoka kwenye maji yanayochemka, mvuke juu yake. Sindano mbili chini ya kidole, chungu sana, halafu ubaridi, na kidole kikawa si changu. "Usiangalie," infirmière alisema, lakini niliangalia. Alikata ukanda mwembamba wa kucha upande ule, wima, polepole, bila kuchimba, akauvuta. Ukatoka mrefu kuliko nilivyodhani, mweupe, umejikunja, kama mfupa wa sambaza. Akauweka kwenye pamba. Akasafisha, akafunga bandeji, akanichoma sindano nyingine ya kushusha joto.

Mimi nilikuwa nasikiliza.

Hakuna kitu. Niliushika mguu. Niliweka mkono juu ya bandeji, nikasubiri kile kimya kidogo kinachokuja kabla ya pigo la mwisho. Kilikuja kimya. Kikaendelea.

Nikaanza kulia.

"Bado inauma?" infirmière aliuliza.

"Hapana."

"Sasa unalia nini, mamaa?"

"Hagonge tena."

Alimtazama mama. Mama, amelowa, maji yanadondoka kutoka kwenye kitenge mpaka sakafuni, alimweleza kwa maneno machache. Kicheko kikamtoka infirmière, kicheko kikubwa cha tumbo, miwani inaruka kifuani. "Ongle! Ongle, maman, si oncle! Kucha! Jamani, hawa batoto batatuua!" Na mama naye akacheka. Alicheka akishika meza. Alicheka mpaka akainama, na alipokuwa ameinama sauti ikabadilika bila kukatika, ikashuka, ikawa kitu kingine, kirefu, cha chini, ambacho nilikijua kwa sababu nilikuwa nimekisikia kwenye nyumba za wengine waliofiwa. Infirmière aliacha kucheka. Alivua glavu, akamshika mama kichwa, akakiweka begani pake.

Walikaa hivyo. Mvua ilikuwa inapungua kwenye mabati. Mimi nilichukua ile pamba pale mezani, nikashuka kitandani kwa mguu mmoja, nikampelekea.

"Maman," nilisema. "Mwili ni huu."

Najua ni ujinga. Nilikuwa nimeshasikia kwamba ni kucha. Lakini ndicho kitu pekee kilichokuwepo cha kumpa. Mama aliitazama ile pamba. Angeweza kunikaripia. Aliipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu cha heshima, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, fundo juu ya fundo.

Kesho yake alimwita Mama Cito kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ambia batu," alisema. "Niko naweka matanga." Mama Cito, ambaye ana maoni juu ya kila kitu, alijifunga kitenge akaenda nyumba kwa nyumba. Jioni nyumba ilijaa. Waliimba, walipika, walilia kwa sauti, na walikaa kwenye kochi, wanawake wanne wamebanana, blanketi la tonton juu ya magoti yao kwa sababu kulikuwa na baridi. Niliingia sebuleni nikatembea polepole. Hakukuwa na kitu cha kukimbia.

Viatu mama alivizika nyuma ya nyumba, ile pamba ikiwa ndani ya kile cha kulia. Alichimba mwenyewe. Kaburi lilikuwa na urefu wa kiatu cha mtoto. Alisimama juu yake kidogo, akaligonga kwa mgongo wa jembe ili udongo ushikane. Mara mbili. Akangojea. Mara moja.

Kucha yangu imerudi, nyembamba kidogo kuliko ya kushoto. Ninaikata kwa kunyooka. Yule mtoto wa juzi sikumchimba, wala sikumgusa pembeni. Nilimkausha mguu, nikamwambia mama yake ampeleke kituo cha afya leoleo, viatu vile avitoe. Yule mama alikasirika kwamba nimemrudisha. Wakati anatafuta pochi yake, niliinama sikioni mwa mtoto nikamuuliza, "Unangojea nani?" Alivuta soksi yake haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Mama bado anauza sambaza. Nywele zimeanza kuwa nyeupe, anacheka kuliko zamani, ananiuliza kila juma hiyo saluni yangu ya kioo itafunguliwa lini ili akae kwenye kiti kinachozunguka. Lakini mvua kubwa za kwanza zikianza, mimi ninajua. Naenda kwake, nasukuma mlango, namkuta sebuleni ameshapiga magoti, sikio kwenye sakafu. Siku hizi hajifichi. Ninavua sandali, nalala mkabala naye, shavu chini, pua karibu na pua, kama zamani. Juu mabati yanapiga kelele. Chini kitu kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma tena.

"Ni maji," mama anasema.

"Ni maji, maman."

Na hakuna kati yetu anayekuwa wa kwanza kuinuka.